Michel Kayoya: Kifaransa kilichoandikwa kwa sikio la Kirundi

Padri Michel Kayoya anakumbukwa Burundi kwa kifo chake na kwa mafundisho yake. Aliuawa Gitega mwezi Mei 1972, akiwa na umri wa miaka 37, katika mauaji yaliyowaandama Wahutu wasomi nchi nzima. Mafundisho yake yamo katika vitabu viwili vilivyochapwa Bujumbura na Presses Lavigerie: Sur les traces de mon père cha mwaka 1968, na Entre deux mondes cha mwaka 1970. Vyote viwili husomwa kama wosia kwa vijana, na ni haki yake, kwa kuwa aliwalenga vijana waziwazi. Lakini usomaji huo unauacha nje ufundi uliozaa wosia wenyewe. Hoja yangu ni kwamba Kayoya aliandika kama mfasiri. Alichofasiri hakikuwa kimeandikwa popote: ni usemi wa mzazi wa Kirundi, kama unavyosikika nyumbani jioni, akautia katika lugha ya shuleni. Asiyeiona kazi hiyo ya tafsiri hataelewa kwa nini Kifaransa chake kimekaa vile kilivyokaa.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye jalada. Kwa Kiswahili jina la kitabu cha kwanza lingekuwa Katika Nyayo za Baba Yangu. Mfaransa anahitaji maneno mawili, mon père, nasi tunahitaji mawili pia. Mrundi anatosheka na moja: data ni baba yangu, so ni baba yako, se ni baba yake. Mwana yumo ndani ya neno lenyewe, na hulitamki bila kusema ni baba wa nani. Kifaransa kinamtenga baba na mwanawe, kisha kinawaunganisha kwa neno la kumiliki. Ndiyo sababu Kayoya analirudia neno mon père tena na tena, kiasi ambacho mhariri mpenda wepesi angelipunguza. Marudio hayo yanafanya kazi: kila linapotajwa, linaurudisha ule undugu ambao lugha ya pili imeushusha njiani.

Ushahidi wa pili ni umbo. Kurasa zake zinapishanisha nathari na mistari mifupi ya shairi huria. Nathari inaeleza na kupima, ni sauti ya mwana aliyesoma. Mistari mifupi inakwenda kwa pumzi ya msemaji, na Mrundi aliyekulia kwenye mazingira ya kwivuga, yaani kujisifu na kusifu kwa vipande vinavyofuatana upesi, anaitambua pumzi hiyo hata ikivaa maneno ya kigeni. Mfasiri wa kawaida angeweka maelezo chini ya ukurasa. Kayoya aliyapa maelezo nafasi ya nathari, akaliachia shairi liseme. Angalia uzito wa neno moja kama ubuntu. Kwa Kirundi ni utu, na papo hapo ni ukarimu. Kitu cha bure hutolewa ku buntu. Humanité ya Kifaransa haina mkono wa kutoa, na hata utu wetu wa Kiswahili haubebi zawadi hiyo peke yake. Kwa maneno ya namna hii kisawe hakitoshi. Panahitajika tukio zima la baba akitenda, ili msomaji aione maana kabla ya kupewa jina lake.

Wapo watakaouliza kwa nini basi hakuandika kwa Kirundi moja kwa moja. Mfano ulikuwepo jirani: Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitunga utenzi wake mkubwa kwa Kinyarwanda, kisha akaufasiri mwenyewe kwa Kifaransa, La Divine Pastorale, mwaka 1952. Swali ni zito, ila linasahau nani alikuwa anaandikiwa. Kijana aliyepita seminari miaka ya 1960 alitenganishwa na baba yake kwa Kifaransa, na daraja hujengwa pale mto unapokatisha njia. Yosef Haim Brenner, mwandishi wa riwaya na mfasiri wa Dostoevsky aliyeuawa Jaffa mwezi Mei 1921, alikuwa na tatizo la aina hiyo hiyo. Wahusika wake wengi walizungumza Kiyidi, naye akawaandika kwa Kiebrania, akiacha sentensi zikatike na maneno ya kigeni yabaki, ili msomaji asikie lugha iliyofichwa. Brenner alikuwa akielekea lugha ya mababu, Kayoya akiiendea ya mtawala. Mbinu yao ni moja: kuuacha mshono uonekane.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba baba wa Kayoya amesafishwa mno, hana ukali wala makosa. Nakubali kwa sehemu. Tafsiri yenye mapenzi hupamba. Lakini kitabu hakikai kwenye sifa tu. Mwana anasoma darasani habari za makubaliano ya Berlin ya 1885, yaliyoamua mambo ya baba yake bila baba kuulizwa, na hapo historia inaingia kwa kishindo katikati ya kumbukumbu. Aibu anayoionyesha ni ya mtu anayemsoma baba yake kwa maneno ya wengine. Hilo ni jeraha la mfasiri, na ndilo linalozuia kitabu kisiwe sala ya sifa.

Mwaka 1973 Aylward Shorter na Marie-Agnès Baldwin walikitoa kwa Kiingereza Nairobi, kupitia East African Publishing House, kwa jina My Father's Footprints. Mwandishi alikuwa ameuawa mwaka mmoja kabla, hivyo wao walikuwa wakifasiri kile ambacho tayari kilikuwa tafsiri. Mfasiri wa Kiswahili ana nafasi nzuri zaidi. Muyinga, mji ulio kwenye njia ya kwenda mpaka wa Kobero na Tanzania, na hata Gitega, watu huvuka kutoka Kirundi kwenda Kiswahili kila siku wakiuza na kununua. Anayefasiri kwa ajili yao ana wajibu wa kukisikiliza Kirundi kilicho chini ya Kifaransa. Atakutana na mon père kwa mara ya arobaini, na kalamu itataka kuliruka. Aliandike tena, baba yangu, kwa sababu Kayoya alilihesabu.