Nailoni ya vipovu na mkono wa Noah

Muulize yeyote anayerusha sizoni kwenye flashi pale Makambako, mabasi ya Dar es Salaam yanapoachana, haya ya Mbeya, yale ya Njombe na Songea: mdudu wa "The Ark in Space" ametengenezwa kwa nini? Atakujibu hajamaliza hata dakika moja ya kutazama. Ni nailoni yenye vipovu, imepakwa rangi ya kijani. Nailoni hiyohiyo ndiyo iliyokuja imefungiwa televisheni anayoitazamia.

Hadithi hii ya sizoni ya Doctor Who ilirushwa na BBC kwa sehemu nne, kuanzia 25 Januari hadi 15 Februari 1975. Aliyeiandika ni Robert Holmes. Binadamu wamelazwa usingizi mrefu katika kituo cha Nerva huko angani, na wadudu waitwao Wirrn wameingia humo kutaga. Pesa zilikuwa za kuhesabu. Seti ya Nerva ilitumika tena mwaka huohuo katika "Revenge of the Cybermen". Waingereza wengi walikuwa hawajaizoea nailoni ile. Sisi huku bara tulianza kupata televisheni mwaka 1994, kwa hiyo nailoni tuliijua kwanza, mdudu akafuata. Ndiyo maana kicheko chetu kinawahi.

Lakini kicheko hicho kinakatika mwishoni mwa sehemu ya pili, na hapo ndipo fundi wa filamu anapaswa kutazama kwa makini.

Noah, kiongozi wa kituo, ameshaguswa na buu la Wirrn. Mkono wake ameutia mfukoni, na mwongozaji Rodney Bennett hana haraka ya kuutoa. Wakati huo sauti iliyorekodiwa zamani inawahutubia waliolala: maneno ya heshima, ya matumaini, ya binadamu kuanza upya. Hotuba ikiwa inaendelea, mkono unatoka. Ni kijani, una vipovu, na ni nailoni tupu. Kenton Moore, aliyecheza Noah, anautazama kwa kinyaa cha mtu aliyeanza kuliwa na mwili wake mwenyewe. Kama ungeonyeshwa mapema, kimya kimya na kwa taa kali, ingekuwa vichekesho. Hapa hotuba inasema binadamu ameokoka, mkono unakanusha, na jicho linakosa nafasi ya kukagua vipovu.

Waliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea muvi, hawatashangaa. Lufufu alipokuwa akituingizia sauti kwenye muvi za kigeni, picha ya kanda ilikuwa imechoka, mara nyingine haionekani, na bado watu walikuwa wakitoka jasho. Sikio likishashikwa, jicho linasamehe mengi.

Ushahidi kwamba nailoni ilifanya kazi ni mkasi. Kulikuwa na kipande cha Noah akiomba auawe kabla hajageuka kabisa. Kilikatwa kwa kuonekana kinatisha mno. Hakuna anayekata kichekesho kwa sababu hiyo.

Sehemu ya nne ni habari nyingine. Wirrn waliokomaa wanasimama wima, wanayumba, miguu inaning'inia bila kazi, na hakuna mfuko wala hotuba ya kuwasitiri. Mimi kwa baridi ya Njombe ningetazama sehemu ya pili mara mbili, tena sauti ikiwa juu, na hii ya mwisho ningeitazama huku namenya viazi.