Namugongo: Jengo na Njia

Mimi ni mhandisi. Nikiingia kanisani macho hutangulia kwenye nguzo. Basilika ya Namugongo, Uganda, iliyochorwa na Mswisi Justus Dahinden na kuwekwa wakfu mwaka 1975, ina umbo la msonge wa Kiganda. Paa linabebwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Ni jengo zuri.

Lakini nguzo zimekusanywa mahali pamoja, ilhali mashahidi hawakufia pamoja. Mei 1886 Andrea Kaggwa aliuawa Munyonyo, Gonzaga Gonza Lubowa, Atanasi Bazzekuketta Nakivubo. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni. Njia ya Msalaba yao iko barabarani, na jengo haliionyeshi.

Huku Dallas na Houston tunamaliza vituo 14 ukutani, gari likitungoja nje. Mwanangu, mzaliwa wa Texas, aliniuliza kwa nini bibi yake alitoka Busia kwa miguu na mabasi yapo. Nikamwonyesha picha ya paa. Halikumjibu. Tukijaliwa kwenda, tutaanzia Munyonyo, kwa miguu.