Nguzo Zilizotuliwa Mzigo

Ukuta wa mbele wa Metropolitan Museum ya New York ulikamilika mwaka 1902 ukiwa na mashubaka manne yaliyokusudiwa sanamu. Yakabaki matupu hadi Septemba 2019, msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alipoketisha humo wanawake wanne weusi wa shaba, kila mmoja na urefu wa mita mbili hivi. Kazi hiyo aliiita The NewOnes, will free Us.

Tuanze na alichokiondoa. Wachongaji wamemfanya mwanamke nguzo tangu kale: kule Athens sita wamebeba paa la kibaraza cha hekalu la Erechtheion, na katika vigoda vya machifu wa Waluba wa Congo mwanamke huinua kikalio kwa kichwa na mikono. Mutu ameuchukua mkao ule ule, shingo ndefu na mgongo wima, akautua mzigo. Uamuzi mgumu ulikuwa kuuacha mgongo ubaki wima. Angewalegeza kidogo tu, tungeona vibarua waliopewa mapumziko. Sasa wanaketi hivyo kwa kuwa ndivyo wapendavyo kuketi.

Mwili umefunikwa kwa misokoto minene kama kamba, safu juu ya safu. Ni vazi au ngozi? Sanamu haisemi, nami naona ni vizuri. Kiufundi, misokoto inafanya kazi ya kivuli: kila mmoja unatia giza chini yake, kwa hiyo umbo lilisomeka hata kwa mpita njia aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Shaba laini tupu ingemezwa na ukubwa wa jengo. Nyuso ndizo zimeachwa bila msokoto, na jicho linakimbilia huko lenyewe.

Huko kichwani linakutana na mabamba ya mviringo yaliyong'arishwa kama kioo: mmoja analo mdomoni, mwingine machoni, wengine kwenye paji na kisogoni. Jua likiyapiga yanamulika, na mtazamaji ndiye anayelazimika kupepesa. Asili yake ni mapambo ya wanawake wenye hadhi, jamii moja na ndonya, pambo la mdomoni la Wamakonde.

Bamba la mdomoni ndilo linanipa shaka. Anayeijua ndonya ataona cheo. Waliopita Fifth Avenue, barabara iliyo mbele ya jumba, wengi hawakuijua; wangeona kinywa kilichozibwa, na hakukuwa na kitu katika umbo lile cha kuwazuia kuona hivyo.