Ufundi wa Kuacha Nafasi

Anayepanga bandari ya makontena ana kazi ngumu ya kuombea fedha kitu kisichoonekana: nafasi tupu. Serikali hupenda gati lililojaa meli mwaka mzima. Mwenye meli anataka akifika akute gati linamngoja. Kati yao kuna mhandisi na hesabu yake ya foleni. Chukua gati moja, na meli zinazokuja bila mpangilio, muda wa kupakua nao usiotabirika: gati likiwa na kazi nusu ya muda, meli husubiri nje, kwa wastani, muda uleule wa kupakuliwa. Likiwa na kazi asilimia 90, kusubiri kunakuwa mara 9. Basi gati linaloonekana limelala huokoa siku za watu wengi, nami namvulia kofia mhandisi anayethubutu kulitetea mbele ya wenye fedha.

Nafasi hiyo huchorwa kila mahali. Baharini kuna duara la kugeuzia meli, pana kuliko meli ilivyo ndefu, na maji ya kubaki chini ya mkuku hata siku za bamvua, maji yanapokupwa kabisa. Kwenye yadi kuna njia za kreni za matairi, na kuna hewa juu ya marundo pia. Ukipanga makontena 5 kwenda juu, linalotakiwa leo litakuwa la chini (muulize wakala yeyote wa forodha), na manne yapanguliwe bure.

Mombasa inajua bei ya kukosa yadi. Magati yake ya zamani yalijengewa magunia na makuli. Kontena likaja likidai uwanja mkubwa nyuma ya gati. Kituo cha pili cha makontena, kilichofunguliwa 2016 kwa mkopo wa Japani, ilibidi kijaze bahari ili kipate ardhi.

Awamu ya kwanza ya bandari ya Lamu ni magati 3 ya mita 400 kila moja, kina mita 17.5. Nafasi tele. Lakini bahari iliyoonekana tupu kwenye ramani ilikuwa na wenyewe: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mpangaji hodari angekaa nao barazani kabla ya kushika kalamu, na wangemwambia pia kusi likivuma maji yanasukuma upande gani.