Dirii ya akida si geti

Akida alipojitokeza nyuma ya Pilato katika igizo letu la Njia ya Msalaba Ijumaa Kuu, kwangu mimi upande wa mavazi ulikuwa umeshaanguka. Dirii nyeusi tii, inametameta toka mabegani hadi kiunoni kama geti la tajiri lililopakwa jana. Wengine mlipiga makofi, na jirani yangu akasema hicho ndicho chuma cha kale. Hapana. Hiyo ni rangi ya kopo, na aliyeamua inyunyizwe juu ya kazi ile aliharibu asubuhi moja kilichofuliwa kwa majuma.

Ufuaji wenyewe sina neno: bati la pipa, mabamba yamepishana vizuri, ribiti zimekaa.

Turudi kwenye kopo. Chuma hakizeeki kwa kuwa cheusi pote. Kinakuwa cheusi mabondeni, pale nyundo ilipoacha vishimo na jasho likajificha na vumbi. Kwenye kingo kinabaki cheupe, kwa sababu mkanda, kiwiko na ala ya upanga vinapasugua kila siku. Mtu aliyekaa nyuma kabisa anausoma umri katika tofauti hiyo. Rangi ya kunyunyizia inafanya kinyume: inaziba alama za nyundo, inalainisha kingo, na kwa kuwa inang'aa, inarudisha jua lote machoni. Na tulikuwa Butembo, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, jua la utosini. Kila bamba alilolihangaikia fundi likamezwa na mng'ao.

Halafu wakaongeza madoa ya kahawia kwa sponji, eti kutu. Kutu katikati ya kifua! Kutu hukaa maji yanapotuama: chini ya ribiti, kwenye maungio, nyuma ya mkanda. Kifua askari alikisugua, maana alikaguliwa. Tulipofika kituo cha tisa, Yesu anaanguka mara ya tatu, akida akainama kumvuta, na mkanda wa bega ukabandua rangi vipande vipande. Chini yake ikachungulia buluu. Hawakuwa hata wamekwangua rangi ya pipa!

Kibaya zaidi kilikuja chini ya msalaba. Huyu ndiye akida anayemkiri Yesu. Mtu mzima aligeuza kifua kwenye mwanga, akafanya kazi yake ya uigizaji vizuri sana, na dirii haikumjibu. Ingekuwa na giza mabondeni na weupe kwenye kingo, mwanga ungetembea juu yake alipogeuka. Terry English alilijua hilo alipotengeneza dirii za filamu ya Excalibur ya John Boorman, mwaka 1981. Alifanya kazi kwa alumini, metali isiyotoa kutu nyekundu abadani, na bado mng'ao na weusi wa dirii zile unaifuata hadithi: Camelot ikistawi zinang'aa, nchi ikikauka zinafifia. Na tusiende mbali. Enzi za Askofu Kataliko wa jimbo letu kulikuwa na katekista mmoja hapa kwetu aliyekata makopo ya mafuta ya kula, akayapaka masizi na nta, akafuta kingo kwa kitambaa. Kwa macho yangu hakuna aliyemfikia mpaka leo.

Kazi hiyo haihitaji duka la Kampala. Choma rangi ya kiwanda, kwangua, sugua kwa mchanga na majivu mpaka chuma kibaki uchi. Kisha bamba juu ya makaa: kwenye nyuzi 220 hivi linashika rangi ya nyasi kavu, baadaye kahawia, zambarau, na buluu karibu na 300. Hapo litoe, lipake nta ya nyuki au mafuta ya kitani, tabaka jembamba, yaungulie humo humo. Kuna mafundi wa Beni wanaong'ang'ania mawese. Mawese hayakauki kama kitani. Yakibaki juu yananata, na dirii inazoa vumbi lote la barabara ya Oicha.

Asiyetaka moto aanze na siki na chumvi, aache kutu nyekundu itoke (Beni, kwenye joto na unyevu, haichelewi), asuuze, kisha achemshe bamba majini. Kutu hiyo inageuka nyeusi na kushikamana na chuma. Butembo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini yanatosha, ongeza muda tu. Ukitia chai kali ya Butuhe, tanini yake inaipa kutu weusi wa wino. Mwisho pitisha msasa kwenye kingo peke yake.

Ngao zilikuwa za bati la kuezekea. Hizo msizipeleke kwenye makaa yanayopulizwa kabla siki haijala zinki yote: moshi wa zinki unaleta homa na kutetemeka usiku, na watu wanadhani ni malaria.

Ufagio uliofungwa kama shungi juu ya chapeo nilishausema miaka yote. Na vikosi vya Pilato vilikuwa hasa vya askari wasaidizi, ambao wengi walivaa vazi la pete za chuma. Mabamba nayavumilia, kwa kuwa pete hakuna wa kuzisuka.

Mwakani dirii zile zile zitatolewa stoo. Rangi ichomwe sasa hivi, nje, mbali na mavazi ya misa, kabla hajatokea mwenye wazo la kupaka chapeo dhahabu.