Kitu na Sauti: Tafakuri juu ya Filamu na Riwaya Zinazodumu Akilini

Utangulizi

Kumbukumbu ya msomaji haina adabu ya mhakiki. Haihifadhi kazi ya fasihi kwa mpangilio wa sura, wala haijali muwala wa matukio. Miaka kumi baada ya kuisoma riwaya iliyotukesha, majina ya wahusika wadogo huwa yamekwisha kutoweka, ikabaki lafudhi ya msimulizi: namna alivyomhukumu mhusika fulani, au alivyokataa kumhukumu. Katika filamu mambo huwa vingine. Aghalabu msuko wenyewe hupotea, ukabaki mkono mmoja, mlango mmoja, kiatu kimoja kilichoachwa njiani. Makala haya yananuia kuichukulia tofauti hii kwa uzito unaoistahili. Tunadai kwamba kinachodumu katika filamu aghalabu ni kitu, na kinachodumu katika riwaya aghalabu ni sauti; na kwamba dai hili likikubalika, litatupatia swali bora kuliko lile lililozoeleka madarasani, yaani iwapo filamu imekuwa aminifu kwa riwaya ilimotoka.

Dai hili ni la kibinafsi kwa kiasi fulani, kwa kuwa kumbukumbu ninayoweza kuichunguza kwa karibu ni yangu mwenyewe. Hata hivyo halifai kuachwa likielea hewani. Nimechagua kulipima kwa kazi za msanii mmoja aliyesimulia hadithi zile zile mara mbili, kwa kalamu na kwa kamera, ambaye ni Ousmane Sembène wa Senegal (1923–2007). Sembène alikuwa mpakuzi wa shehena katika bandari ya Marseille kabla ya kuchapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1956. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikwenda Moscow kusomea utengenezaji wa filamu, akiwa amekwisha kutambua kwamba umma aliouandikia haukuweza kumsoma. Kwa hiyo, msanii huyu hakuiacha riwaya kwa kuichoka. Aliiongezea jirani, na ujirani huo ndio unaotufaa hapa.

Kinyago cha Diouana

Hadithi fupi ya “La Noire de…” ilitokea katika mkusanyiko wa Voltaïque mwaka 1962, na filamu yenye jina hilo hilo ikatoka mwaka 1966. Zote mbili zinamhusu Diouana, kijana wa Dakar anayechukuliwa na waajiri wake Wafaransa hadi Antibes, ambako ulezi wa watoto aliouzoea unageuka utumwa wa jikoni, hata akajiua. Hadithi inaanzia mwishoni: maafisa wa polisi wamefika nyumbani, maiti imepatikana bafuni, na msimulizi anaturudisha nyuma hatua kwa hatua ili tujue kifo hicho kilijengwaje. Tunapoisoma, tunaongozwa na kejeli yake. Msimulizi anajua yote tangu mwanzo, nasi twabeba ujuzi huo kama mzigo katika kila ukurasa. Filamu inaanza kwa meli inayotia nanga na msichana nadhifu anayeteremka akitazama huku na huku kama kuna aliyekuja kumpokea.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba filamu ina kitu ambacho hadithi haina: kinyago cha kuvaa usoni. Diouana anakinunua kutoka kwa mvulana mdogo na kumpa bibi yake siku za mwanzo wa kazi. Huko Dakar kinawekwa pamoja na vinyago vingine. Huko Antibes kinaning’inia peke yake juu ya ukuta mweupe. Baadaye Diouana anakitwaa, bibi anakigombea, na baada ya kifo chake bwana anakirudisha Dakar pamoja na mshahara wa marehemu. Mama mtu anazikataa fedha. Mvulana yule anakivaa kinyago na kumfuata bwana mitaani, huyu akiharakisha mwendo na kugeuka nyuma kila mara, mpaka anapoondoka. Ndipo mtoto anapokishusha na tukauona uso wake.

Hakuna mhusika anayetufafanulia maana ya kinyago hicho, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Ni zawadi, kisha pambo, kisha mali inayogombewa, kisha shahidi. Kazi ambayo msimulizi wa hadithi aliifanya kwa kejeli inafanywa hapa na kitu kisichosema neno. Ukiniuliza leo Diouana aliambiwa nini mezani na wageni wa bibi yake, nitakujibu kwa kusitasita. Ukiniuliza kinyago kilining’inia wapi, nitakuonyesha kwa kidole.

Hata hivyo filamu hiyo haikukosa sauti. Tunayasikia mawazo ya Diouana mara kwa mara, nayo yanasemwa kwa Kifaransa fasaha, kwa kinywa cha msanii mwingine asiyekuwa yule tunayemwona. Hapa pana ufa. Msichana huyu hajui kusoma. Barua ya mama yake inasomwa na bwana, na bwana huyo huyo anaanza kumwandikia majibu, hata Diouana akaichana barua kwa kuwa maneno si yake. Lakini mawazo yake ya ndani nayo yamevishwa lugha ya bwana. Kitu kinavuka bahari bila mkalimani. Sauti haiwezi kuvuka bila lugha. Sembène aliliona tatizo hilo, na filamu yake iliyofuata, Mandabi (1968), iliyotokana na novela yake Le Mandat ya mwaka 1966, aliitengeneza pia kwa Kiwolof. Mzee Ibrahima Dieng, anayehangaishwa na hawala ya posta asiyoweza kuitoa kwa kuwa hana kitambulisho, akapata kunung’unika, kujigamba na kuomba dua kwa lugha ya mtaani kwake.

Mkoba na sauti ya ombaomba

Riwaya ya Xala ilitoka mwaka 1973 na filamu yake mwaka 1975. El Hadji Abdou Kader Beye, mfanyabiashara aliyeneemeka kwa uhuru, anaoa mke wa tatu na usiku wa harusi anajikuta hana nguvu za kiume. Riwaya inaanza na wafanyabiashara wakisherehekea kwamba mmoja wao ameshika uongozi wa Chemba ya Biashara, na msimulizi anatueleza kwa lugha kavu tabaka hili limetoka wapi na linakula nini. Filamu inayatupa maelezo hayo karibu yote. Badala yake tunaona Waafrika wakiwatoa Wafaransa jengoni na kuziweka nje sanamu zao. Punde Wafaransa wanarudi na mikoba, kila mkubwa anafungua wake, na ndani mna noti. Aliyeiona mikoba ile hahitaji sura nzima juu ya ukoloni mamboleo.

Tazama pia namna binti wa El Hadji, Rama, anavyochorwa. Katika riwaya msimamo wake tunaupata kwa mazungumzo na kwa maelezo. Katika filamu anaketi ofisini kwa baba yake, anayakataa maji ya chupa yaliyotoka Ufaransa, anamjibu baba kwa Kiwolof kila anapoulizwa kwa Kifaransa, na nyuma yake pana ramani ya Afrika ambayo rangi zake zinalingana na rangi za vazi lake. Chupa, ramani na vazi vimebeba hoja, na lugha imekuwa kitu miongoni mwa vitu.

Lakini riwaya ina jambo ambalo kwangu filamu haikulifikia. Ombaomba aliyeketi karibu na ofisi ya El Hadji husikika kabla hajaonekana. Wimbo wake unapenya ukutani, unamkera tajiri, unakatizwa na polisi, unarudi. Msomaji huubeba masikioni kama anavyoubeba El Hadji mwenyewe, bila kujua una deni gani naye, mpaka siri ya ardhi iliyodhulumiwa inapofichuliwa. Filamu inatupa miili: vilema waliotupwa nje ya mji wakirudi kwa kutambaa vumbini. Zote mbili zinaishia kwenye tajiri aliyevuliwa nguo, akitemewa mate na wale aliowanyang’anya. Riwaya inaongeza askari walio nje wakiinua silaha. Filamu inagandisha picha ya mwili uliofunikwa mate na kutuacha hapo. Msomaji anaondoka akijiuliza kitakachofuata. Mtazamaji anaondoka na alichokiona, na hakuna wa kukifuta.

Tukiuliza ipi kati ya hizi ni aminifu kwa nyingine, hatupati jibu lenye faida. Tukiuliza ni kitu gani kimekabidhiwa mzigo uliokuwa wa sauti, na ni sauti gani iliyopotea katika makabidhiano hayo, tunaanza kuhakiki.

Kuna ushahidi mwingine, nao unatoka kwa watawala. Riwaya ya Xala ilipita. Filamu ilikatwa sehemu kadhaa na wakaguzi wa Senegal kabla ya kuonyeshwa. Mtu angeweza kusema kwamba serikali huogopa picha kuliko maneno, lakini historia ya Kiswahili inakataa jibu jepesi hilo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) haikuwa na picha hata moja, na bado ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda. Tofauti ni kwamba ilikuwa kwa Kiswahili, na kijana wa sekondari aliweza kuisoma bila mkalimani. Makasi ya mkaguzi huenda hadhira iliko.

Sauti katika riwaya ya Kiswahili

Rosa Mistika ni kipimo kizuri cha dai letu kwa upande wa pili. Kipigo anachopata Rosa kwa baba yake Zakaria kwa sababu ya barua ya Charles ni tukio ambalo kamera ingelipenda. Barua ingekuwa kitu barabara. Lakini kinachoifanya riwaya hii isisahaulike ni msimulizi anayejiingiza, anayetoa maoni, anayemfanya msomaji ajihukumu pale alipokaribia kumhukumu msichana. Swali la nani alaumiwe halimo ndani ya barua. Limo katika sauti.

Vivyo hivyo Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Nyumba ya Bwana Maksuudi iliyomfungia Maimuna ni kitu, nayo ni nzito kama ilivyo jela. Hata hivyo nyumba hiyo nimeijenga mwenyewe nilipokuwa nikisoma, kwa mawe na milango niliyoijua mimi, na msomaji mwenzangu amejenga yake. Kinyago cha Diouana ni kile kile kwa kila aliyekiona. Kitu cha riwaya, kwa hiyo, ni mali ya ubia, na hii ndiyo sababu wasomaji hukasirika wanapoletewa filamu ya riwaya waipendayo. Malalamiko yao kwamba filamu haikuwa aminifu hutetea nyumba waliyoijenga wao wenyewe, na mwandishi ametajwa tu kama shahidi. Mhakiki hana budi kuyatenganisha mambo haya mawili.

Fanani ndani ya kibanda cha video

Linabaki jambo moja ambalo Sembène hakulazimika kulishughulikia, nalo ni la kwetu. Afrika Mashariki imezoea kuirudishia filamu sauti ambayo filamu yenyewe haikuwa nayo. Katika vibanda vya video vya Kenya, filamu za Hong Kong, India na Marekani zimetazamwa kwa miaka mingi zikiwa zimetiwa usimulizi wa Kiswahili na Sheng wa DJ Afro. Dar es Salaam ilimjua Lufufu. Kampala ina wasimulizi wake kwa Kiluganda. Msimulizi wa namna hii hatafsiri tu. Huwapa wahusika majina, hutabiri litakalotokea, hucheka, hukemea, humwonya jambazi ambaye hawezi kumsikia. Wataalamu wa fasihi simulizi watamtambua mara moja. Huyu ni fanani, na hadhira yake inamwitikia.

Filamu ya Nairobi Half Life (2012), iliyoongozwa na David “Tosh” Gitonga, imelitia jambo hili ndani ya msuko wake. Tunakutana na Mwas kijijini akiuza filamu kwa kuzisimulia na kuziigiza mbele ya wateja. Kabla hajawa mwizi wala mwigizaji jijini, Mwas ni mtambaji. Kwangu mimi sehemu hiyo imedumu kuliko milio ya risasi inayofuata, kwa sababu inaonyesha mahali ambapo kitu na sauti hukutana: santuri ya filamu mkononi, na kinywa kinachoipa uhai.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba filamu na riwaya hukaa akilini kwa njia mbili tofauti, na kwamba msanii aliyezijua zote mbili alihamisha mzigo kutoka sauti hadi kitu kwa kujua anachokifanya, akigundua njiani kwamba sauti iliyobaki inadai lugha yake. Riwaya ya Kiswahili imejaliwa lugha hiyo tangu mwanzo. Atakayetaka kuitengenezea filamu Rosa Mistika au Utengano hatafika mbali kwa kunakili matukio tu. Itambidi aamue msimulizi akae wapi, na si lazima amfukuze, kwa maana hadhira yetu imekwisha kuthibitisha kwamba inaweza kutazama picha na kumsikiliza fanani kwa wakati mmoja.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta uwanja usiokanyagwa sana, uwanja ndio huu. Wengi wa vijana wanaoingia katika idara zetu walikutana na hadithi kwanza mbele ya kiwambo, wala hawakufika kwetu mikono mitupu. Wana vitu vingi akilini ambavyo hawajafundishwa kuvitaja majina. Tukianza kuwauliza wamebaki na nini, na kwa nini hicho na si kingine, wataziendea riwaya wakiwa wamekwisha kujua wanakwenda kusikiliza nini.