Mtoa moshi na mtoa ushuru: Kasoro ya jina 'ushuru wa mazingira'

MAMA mmoja anayeuza chapati na madondo karibu na lango la kiwanda, katika Eneo la Viwanda mjini Thika, aliniuliza swali majuzi ambalo sijaacha kulitafakari. Alikuwa akipepea jiko. Redio ya jirani ilikuwa imetaja 'ushuru wa kaboni'. "Mwalimu," akaniambia, "hiyo kaboni si ndiyo makaa? Kwani sasa hata jiko langu litalipiwa ushuru?"

Vibarua waliokuwa wakisubiri chakula walicheka. Mimi sikucheka. Mama huyu alifanya kile ambacho kila msemaji hufanya akikutana na neno geni: alilitafutia ukoo. Kwa Mkenya wa kawaida, kaboni ni ile karatasi nyeusi ya kitabu cha risiti. Wenzetu wa Tanzania husema 'hewa ukaa', na ukaa ni ndugu wa makaa. Ukifuata njia hiyo unarudi palepale, kwenye jiko. Tena ana sababu ya kuogopa. Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ya makaa ilipanda, naye alikuwa akipika wakati huo.

Kabla sijawalaumu wengine, acha nikiri kosa langu. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa ukijadiliwa, shirika moja dogo liliniomba nitafsiri kikaratasi cha kuwaeleza wakazi wa Thika na Ruiru yaliyokuwemo. Mswada wenyewe ulikuwa kwa Kiingereza. Nilipofika kwenye tozo iliyopendekezwa kwa bidhaa kama vile simu, tairi, betri na nepi, niliandika 'ushuru wa mazingira' nikapita. Rais alikataa kuutia sahihi mswada huo Juni 26, baada ya maandamano. Jina, hata hivyo, lilibaki midomoni, na leo linatumiwa kwa tozo yoyote inayohusiana na hewa, taka au moshi.

Kasoro iko katika hako kaneno 'wa', kihusishi cha a-unganifu. Kihusishi hicho hubeba mizigo mingi. Ushuru wa soko hulipwa na anayeuza sokoni. Ushuru wa forodha hulipiwa bidhaa zinazovuka mpaka. Kodi ya nyumba ambayo wakoloni waliianzisha mwaka 1901 ilihesabu nyumba, na kodi ya kichwa iliyofuata mwaka 1910 ilihesabu vichwa. Babu zetu walizichukia kodi hizo, lakini jina halikuwaficha kitu: ulijua kinachohesabiwa, na ulijua anayelipa ni wewe.

Sasa linganisha na 'ushuru wa mazingira'. Je, ni ushuru unaotozwa mazingira? Unaotozwa kwa ajili ya mazingira? Au unaotozwa anayeyachafua? Sarufi inaruhusu zote tatu. Mwanasiasa anayeutetea huchagua maana ya pili, anayeupinga huikimbilia ya kwanza, na ile ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha mjadala, hukosa mtetezi.

Tumeshaona jina likimtaja mmoja na kumlipisha mwingine. Mwaka 2018 kila lita ya mafuta taa iliongezewa tozo ya Sh18, ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli. Jina la tozo lilimlenga mlaghai wa mafuta. Aliyetoa pesa ni mkazi wa Kiandutu mwenye stovu na kibatari.

Mjadala wa kaboni hautaisha kwa sababu mswada mmoja ulianguka. Mnamo 2023 Hazina ya Kitaifa iliutaja ushuru wa kaboni katika rasimu ya mkakati wake wa mapato wa miaka mitatu. Septemba mwaka huohuo, viongozi wa Afrika waliokutana Nairobi waliitaka dunia ianzishe ushuru wa kaboni kwa biashara ya mafuta, usafiri wa meli na wa ndege. Afrika Kusini inautoza tangu Juni 1, 2019, ikianza na randi 120 kwa tani. Umoja wa Ulaya nao umeweka utaratibu wa kutoza kaboni iliyomo katika chuma, saruji na mbolea zinazoingizwa huko. Kwa hivyo tutaulizwa tena, na lazima tuwe na maneno ya kujibia.

Kiswahili kinayo tayari. Tazama kitenzi 'toa'. Kiwanda hutoa moshi, na raia hutoa ushuru. Kutokana na 'toa' tunapata 'toza', yaani kumfanya mtu atoe, na kutokana na 'toza' tunapata 'tozo', neno lililovuma Tanzania mwaka 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu. 'Ushuru' ni neno la asili ya Kiarabu, lililotokana na sehemu ya kumi ya mali, na linaweza kukaa peke yake bila kuulizwa swali. 'Toza' haiwezi. Ukiitamka tu, msikilizaji atataka kujua nani anamtoza nani.

Na hapo ndipo ilipo haki inayozungumziwa. Wazo la kutoza kaboni ni kwamba anayeitoa hewani ndiye atoe pesa. Kwa Kiswahili, watoaji hao wawili wanaitwa kwa jina moja: mtoaji. Kazi ya mjadala ni kuuliza kama kweli ni mtu mmoja.

Chukua mfano wa papa hapa. Thika ina kituo cha kuzalisha umeme kwa mafuta mazito, cha megawati 87. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, lakini vituo vya mafuta bado huhitajika. Gharama ya mafuta yanayochomwa haibaki kituoni. Huingia katika bili ya mteja kama ada ya mafuta. Ukiyatoza mafuta hayo bila kubadilisha utaratibu huo, mtoaji wa moshi atakuwa kituo, na mtoaji wa pesa atakuwa kinyozi wa Makongeni.

Wapo watakaonijibu kwamba nia yenyewe ni kupandisha bei ili watu waache mafuta machafu. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye boila, anayeweza kununua mtambo mwingine. Kinyozi hana swichi ya kuchagua umeme wa Olkaria peke yake.

Majina yana gharama hata kwa matajiri. Kanada ilirudishia familia sehemu kubwa ya pesa za tozo ya mafuta, lakini malipo hayo yalibeba jina lisilotaja kaboni, na wengi hawakujua yanatoka wapi. Serikali ililibadilisha jina mwaka 2024. Kufikia Aprili 2025 tozo kwa watumiaji wa kawaida iliondolewa, ingawa ile ya viwanda vikubwa ilibaki. Sisemi ni jina lililoiangusha. Nasema mtu hawezi kutetea pesa asizojua kwamba amepewa.

Pendekezo langu kwa watafsiri, wahariri na watangazaji ni dogo. Tuache 'ushuru wa mazingira' kwa jambo hili, tuseme 'tozo ya utoaji kaboni'. Tena tusiliache neno hilo liende peke yake. Habari yoyote inayolitaja ijibu maswali matatu: nani anatoa moshi, nani atatoa pesa, na pesa zitakwenda wapi. Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi na inataka umma ushirikishwe. Ushirikishwaji gani huo, kama anayeulizwa maoni anadhani anaulizwa kuhusu jiko lake?

Nilimweleza mama kwamba kaboni wanayoisema hutoka pale mafuta au kuni zinapochomwa. Kwamba jiko lake linaitoa kidogo, na boila iliyo nyuma ya ukuta ule inaitoa nyingi. Akauliza kama ni ya kaunti ama ya serikali kuu, maana wa kaunti huja na risiti kila asubuhi. Nikamwambia kuwa kwa Kifungu cha 209 cha Katiba, kaunti haiwezi kujianzishia tozo kama hiyo mpaka Bunge liiruhusu kwa sheria.

Akainua macho akatazama bomba la moshi juu ya paa la kiwanda. "Basi si waseme tu ni ya bomba, si ya jiko," akasema. Akageuza chapati. "Lakini mwalimu, hao wakitozwa, si watatupandishia mafuta ya kupikia?"

Hilo ndilo swali la pili kati ya yale matatu. Amelifikia bila mswada wala kamusi, na anangoja jibu.